Jiko Ndani ya Mkate

Mkaa ulikuwa mwekundu kama pilipili mbivu, hauna moshi hata chembe. Hilo Shiru angeweza kuliapia mbele ya mchungaji. Alikuwa amelipepea jiko nje, chini ya paa la jikoni kwa mama mkwe wake, mpaka macho yake mwenyewe yakaridhika, kwa sababu ndivyo alivyolelewa: jiko lenye moshi huua, jiko jekundu huleta usingizi mtamu. Mama yake alifanya hivyo miaka yote pale mtaani Bondeni, katika chumba kimoja cha nyumba za kaunsili, watoto watano wamelala sakafuni, na hakuna aliyewahi kufa.

Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu madirisha ya nyumba zile hayafungi, na milango imeliwa na mvua sehemu ya chini hadi paka hupita bila kuinama. Lakini hilo Shiru hakulifikiria siku ile. Alilifikiria baadaye, na tangu hapo hajaacha.

Nyumba aliyokuwa akiipelekea jiko lile ilikuwa gari. Watu wa Bondeni waliliita Mkate, kwa kuwa kabla ya kugeuzwa nyumba lilikuwa likisambaza mikate. Mumewe, Weldon, alilinunua likiwa limekaa juu ya mawe bila gurudumu hata moja, akalifufua kwa miezi tisa, jioni baada ya kazi yake ya kuchomelea vyuma, mpaka majirani wakaanza kumtania Shiru kwamba mume wake ana mimba na yeye ajiandae kuwa mkunga. Nyuma lilikuwa na sanduku la bati, na katikati ya bati na bati mna sponji nene iliyowekwa zamani kuhifadhi joto la mikate. Weldon akatia kitanda cha mbao, rafu, sola juu ya paa, betri chini ya kitanda, na mapazia ya blanketi nzito. Alitaka kulikodisha kwa wale watu wanaopenda kwenda kulala porini, mbali na stima na majirani.

"Yaani mtu anatoka kwa nyumba yake ya mawe Nairobi," mama yake Weldon aliuliza aliposikia, "anakuja huku juu, analipa, ndio apigwe na baridi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi tulikuwa tunapigwa bure miaka hii yote!"

Familia ya kwanza ilikuwa imeshaweka nafasi ya mwezi wa nane, kupanda milima ya Mau. Kabla hawajafika, Weldon alitaka kujua jambo moja: je, Mkate unaweza kumlinda mtu na baridi ya huko, ambako asubuhi za Julai nyasi huamka zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi? Kwa hivyo wiki ile wakapanda wote watatu, yeye, Shiru na binti yao Cherono wa mwaka mmoja na nusu, hadi shambani kwa mama yake karibu na Olenguruone. Wakaliegesha gari mwisho wa shamba, pale malisho yanapokutana na msitu, ambako hakuna nguzo ya stima wala taa ya jirani.

Mama yake Weldon, ambaye wote walimwita Kogo, yaani bibi, kwa ajili ya Cherono, alijitolea kulijaribu. Alikuwa na miaka sabini na moja na magoti yaliyojua mvua kabla ya redio. "Nyinyi vijana hamjui baridi," alisema akipanda ngazi ya Mkate na mto wake kwapani. "Mnipatie mimi kitanda. Hii mifupa yangu haidanganyi."

Usiku wa kwanza ulienda vizuri. Walijaza maji ya moto kwenye chupa, wakazivika soksi na kuzilaza miguuni. Walivaa kofia za sufu, wakanywa uji mzito kabla ya kulala, wakabanana kitandani kama vijiti vya kiberiti, na Weldon akalala sakafuni juu ya godoro la sponji. Kulipokucha kuta zilikuwa zimetoa jasho, matone yakining'inia kwenye dari kwa pumzi zao wenyewe. Weldon akapitisha kidole ukutani, akawageukia kama mwalimu.

"Mnaona? Hii maji isipopata pa kutokea, blanketi zinalowa, na blanketi ikilowa umekwisha. Ndiyo maana nimetoboa haya matundu mawili, moja chini hapa na lingine kwa paa. Mtu asiyaguse, hata yakimpulizia vipi. Na joto ya humu inatoka kwa watu na kwa chupa. Moto, hapana."

"Weldon," Kogo akasema, "wewe ulizaliwa kwa nyumba imejaa moshi na hukukufa."

"Nyumba yako, Mama, mbao zake zimeachana hadi kuku anakuona ukioga."

"Huyo kuku ni nani? Nimchinje leo."

Walicheka hadi Cherono naye akacheka bila kujua anacheka nini. Shiru angekuja kukikumbuka kicheko kile.

Siku ya pili, Jumamosi, ukungu haukuondoka. Ulikaa juu ya shamba tangu asubuhi, na saa tisa alasiri baridi ilikuwa kali kuliko ya usiku. Weldon alikuwa amepanda bodaboda kwenda sokoni kutafuta raba ya kuziba dirisha lililokuwa likivuja. Kogo alikuwa amelala ndani ya Mkate, chini ya blanketi tatu, na vidole vyake Shiru alipovishika vilikuwa kama vijiko vilivyolala nje.

"Siru," Kogo alisema. Ile sauti ya "sh" haikuwahi kukaa mdomoni mwake, na Shiru aliipenda hivyo hivyo. "Hii baridi imeingia mpaka kwa meno. Hata yale yaliyong'oka yananiuma."

Hakuomba jiko. Katika mambo yote, hilo ndilo Shiru alilolijua kwa uhakika: Kogo hakuomba kitu.

"Ngoja, Kogo. Nakuletea dawa."

Akalileta. Alilibeba kwa matambara mawili, akalitua sakafuni juu ya kigae kilichokuwa mlangoni, na joto likapanda mara moja, joto zuri la kufanya mtu afumbe macho. Kisha akaona upepo ukipuliza kutoka tundu la chini, ukielekea moja kwa moja kwenye shingo ya mama mkwe wake. Akatoa shali begani, akaikunja mara nne, akaisukuma tunduni kwa kidole gumba hadi upepo ukanyamaza. Kifuniko cha tundu la paani kilikuwa kimefungwa tayari kwa ajili ya manyunyu.

Kogo alimtazama akifanya yote hayo. "Na Weldon akikuja?"

"Akikuja atakuta nimelitoa. Nusu saa tu, gari lipate moto, basi."

"Basi sisi wawili ni wezi," Kogo akasema kwa furaha, akatoa mikono yake miwili nje ya blanketi na kuielekeza kwenye mkaa. "Niachie mtoto nilale naye hapa. Na yeye anahitaji joto."

Cherono alikuwa ameshanyoosha mikono. Shiru alifungua kanga mgongoni, akamteremsha nusu, kisha akasikia unyevu kwenye kiganja chake. Mtoto alikuwa amelowa. Nguo zake kavu zilikuwa zimeanikwa juu ya moto wa kuni kule jikoni.

"Nambadilisha, halafu nakurudishia," akasema. Akatoka, akaufunga mlango kwa nguvu nyuma yake joto lisipotee.

Hajafika jikoni vizuri, mvua ya mawe ikaanguka. Ilianza kwa punje mbili tatu, kisha anga lote likamwagika, mawe ya ukubwa wa mahindi yakiruka kwenye bati kwa kelele hata akimwimbia mtoto hakujisikia mwenyewe. Uwanja ukawa mweupe. Kati ya jikoni na Mkate kulikuwa na mwendo wa dakika tatu kupitia malisho wazi, na hakuna mama angeupita na mtoto mgongoni. Shiru akakaa karibu na moto wa kuni, akamvalisha Cherono nguo kavu, akampa maziwa, akamtazama akisinzia. Aliwaza jinsi Kogo anavyojinyoosha sasa hivi katika joto kama paka. Aliwaza mwezi wa nane, wageni wa kwanza, labda gari la pili mwakani. Alikuwa na furaha. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba katika dakika zile hamsini hakuhisi chochote, hata moyo kumdunda tu. Alikuwa na furaha kabisa.

Mvua ya mawe ilipokatika, alimfunga mtoto mgongoni na kwenda polepole, akichagua pa kukanyaga.

"Kogo, hodi! Umeiva?"

Hakujibiwa. Alipofungua mlango, joto likampiga usoni, na katika joto lile harufu ya matapishi. Kogo alikuwa ameanguka nusu nje ya kitanda, shavu lake kwenye mbao. Macho yalikuwa wazi kidogo, lakini hayakumwona mtu.

"Kogo!"

Midomo ikatikisika. Likatoka neno la Kipsigis ambalo halikufika mwisho.

Hapo, kabla hajamgusa mama mkwe wake, Shiru aliinama akalishika jiko kwa mikono mitupu ya baridi, akaungua, akalitupa nje. Mkaa ukapiga kelele kwenye barafu na kuzima. Akaivuta shali kutoka tunduni. Akamburuta Kogo hadi mlangoni, kichwa chake kikapata hewa ya nje, akampigapiga mashavu, akamwita majina yote aliyoyajua. Hakukusudia kuficha. Alikuwa akiondoa sumu tu. Lakini alipoinua simu kumpigia Weldon, ndani ya Mkate hapakuwa tena na ushahidi wowote, ila duara dogo jeusi kwenye kigae, na juu yake alikuwa amepiga goti mwenyewe.

"Mama ameanguka," alisema. "Njoo haraka."

"Ni presha!" Weldon alipaza sauti upande wa pili. "Ni hii baridi! Nilijua mimi, nilijua! Nakuja!"

Naye Shiru akanyamaza. Hakusema uongo. Weldon alikuwa amemfungulia mlango mwenyewe. Yeye alipita tu.

Kwa nini alinyamaza? Alijiuliza swali hilo njiani, Mkate ukiteleza kwenye matope kuelekea kituo cha afya, Weldon, aliyerudi mbio na bodaboda, akiwa usukani na yeye nyuma na kichwa cha Kogo mapajani. Siku ya harusi yao shangazi mmoja wa Weldon alisema, kwa utani, mbele ya watu: "Huyu msichana wa Bondeni hajui baridi ya huku. Siku moja atatuchomea nyumba akitafuta joto." Watu walicheka, na Kogo ndiye aliyejibu, "Akichoma, tutajenga. Nyamazeni mle." Kogo huyo. Kogo aliyemfundisha kukanda unga wa wimbi, aliyemlipia nusu ya masomo ya jioni kwa pesa za maziwa ili amalize kidato cha nne alichoachia katikati. "Wewe kasome," alimwambia. "Mimi nitamshika mtoto."

Na alisoma. Hapo ndipo aibu ilipokaa kama mwiba wa samaki kooni. Mwalimu wao wa sayansi wa madarasa ya jioni, mzee mcheshi aitwaye Muiruri, aliwahi kutumia kipindi kizima kueleza kuhusu gesi inayotoka kwenye mkaa. Haina rangi, aliwaambia, haina harufu, na haijali kama jiko lina moshi au halina. Damu ina viti vya kubebea oksijeni. Gesi hii huingia na kuvikalia. "Ni kama yule mgeni wa harusi," alisema Muiruri, "amekaa kiti chako, anakula pilau yako, na ukimwambia ainuke anakuuliza wewe ni nani." Darasa liliangua kicheko. Swali lilikuja kwenye mtihani, alama nne. Shiru alipata zote nne.

Alijua, basi. Kichwa chake kilijua. Lakini mikono yake ilikuwa na elimu ya zamani zaidi, ile ya jiko jekundu, na baridi ilipokuja mikono ndiyo iliyotangulia.

"Nimemleta mama yangu alale kwa bati kama gunia la viazi," Weldon alikuwa akisema kupitia kidirisha cha kati, sauti yake ikikatika kila gari lilipogonga shimo. "Ati majaribio. Mimi mtoto gani? Wacha tufike. Wacha tu apone. Hili gari nitalikata vyuma, naapa."

"Usiseme hivyo."

"Nalikata! Na mbona umefungua dirisha? Funga, anapigwa na upepo!"

"Apate hewa."

"Hewa ya nini? Anakufa na baridi, wewe unamwongezea hewa?"

Hakufunga. Alilishikilia dirisha wazi kwa mkono wenye malengelenge, ule alioungua nao, na hakueleza. Aliweza kumtetea Kogo kwa mkono, lakini kwa mdomo hakuweza. Kila kona alijiambia: tukifika lile daraja nasema. Daraja likapita. Tukifika pale penye kiwanda cha majani chai. Kikapita na chenyewe. Kichwa cha Kogo kilikuwa kizito mapajani, na mashavu yake yalikuwa na wekundu fulani, kama ya mtu aliyetoka kuota jua, hata ungedhani ana afya.

Kituo cha afya kilikuwa na daktari mmoja zamu ile, msichana aliyeonekana mdogo kuliko Shiru, jina lake Mercyline kwenye kibandiko cha koti. Hakupoteza wakati. Alimfunga Kogo kipimo cha presha, akamtoboa kidole kupima sukari, akambana kidole kingine na kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu.

"Sukari iko sawa," alisema. "Presha iko juu, lakini si ya kuangusha mtu namna hii. Oksijeni tisini na saba. Hiyo ni nzuri hata kuliko yangu." Akainua kope za Kogo, akamulika tochi. "Ilianzaje?"

"Baridi," Weldon alisema. "Tulikuwa tumepiga kambi kwa gari. Ile pale nje."

"Mlikuwa mnalala kwa gari? Na hii baridi? Mlikuwa na moto ndani?"

"Hapana, daktari." Weldon alijibu bila kusita, kwa fahari kidogo, fahari ya fundi anayeijua kazi yake. "Moto hakuna. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya hiyo gari. Muulize mama watoto."

Mercyline akamgeukia Shiru.

Shiru alifungua mdomo. Cherono, mgongoni, alikuwa akivuta uzi wa kofia yake na kuimba wimbo wa maneno mawili. Shiru akatikisa kichwa. Hakusema hapana. Alitikisa kichwa tu, mtikisiko mdogo, ambao mtu angeweza kuusoma atakavyo.

"Basi itakuwa mshipa wa kichwa," Mercyline akasema polepole. "Anahitaji kupigwa picha Nakuru. Ambulensi imeenda Molo, ikirudi ni saa mbili kutoka sasa. Mpaka wakati huo tumpe maji, tumlaze upande, tungoje."

"Na ile?" Shiru akauliza. Kwenye kona palisimama mtungi mmoja mrefu wa oksijeni, barakoa yake imening'inizwa shingoni. "Hamwezi kumpa ile?"

"Mama, mtungi ni mmoja na nina mama wa kujifungua hapo ndani anayehangaika. Huyu oksijeni anayo. Umesikia namba yake? Tisini na saba."

Tisini na saba. Viti vyote vimejaa, Shiru akawaza. Hakuna anayeuliza ni nani aliyevikalia.

Kogo alitoa sauti, mkoromo mfupi, kifua kikatulia kuliko inavyofaa, kisha kikaanza tena. Weldon alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso kwenye mkono wa mama yake. "Mama, nisamehe," alikuwa akisema. "Ni mimi. Ni mimi nimekufanyia hivi, Mama."

Hilo Shiru hakuliweza. Kifo cha Kogo alikuwa karibu kukinyamazia, Mungu amsamehe, kwa woga tu. Lakini kumsikia Weldon akiomba msamaha wa dhambi isiyo yake, kwa mtu asiyeweza kumjibu, kulimvunja kitu kifuani.

"Kulikuwa na jiko," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Alikuwa amesema chini mno.

"Daktari! Kulikuwa na jiko. La makaa. Nililiingiza ndani ya gari, nikafunga mlango, nikaziba tundu la hewa. Amekaa nalo karibu saa nzima. Ni ile gesi. Ni mimi."

Mercyline hakumtazama hata mara ya pili. Alikuwa ameshafika kwenye mtungi. Ukaburutwa kwa kelele sakafuni, barakoa ikakazwa usoni mwa Kogo, koki ikafunguliwa mpaka mwisho. "Hiki kidude hudanganyika," alisema akikitoa kile chenye taa nyekundu kidoleni na kukitupa mezani kwa hasira. "Kinaona damu nyekundu, kinasema sawa. Na nimeuliza! Nimekuuliza hapa, ukiwa umesimama hapo. Tumekaa robo saa tunatazamana. Ukiwa umesema mlangoni huyu angekuwa anapumua hii tangu zamani."

"Ndiyo," Shiru akasema.

Weldon alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama mkewe kama anavyotazamwa mtu uliyewahi kukutana naye mahali na humkumbuki jina.

"Jiko?"

"Jiko."

"Kwa Mkate?"

"Ndiyo."

"Na tundu langu ukaziba."

"Kwa shali."

"Na njia yote hiyo mimi nalia, nasema ni mimi, wewe umenyamaza tu nyuma hapo."

Hilo halikuwa swali. Aliinuka, akamfungua Cherono kutoka mgongoni kwa Shiru bila kumgusa Shiru mwenyewe, jambo gumu kufanya, naye alilifanya kwa uangalifu mkubwa. Akatoka na mtoto hadi uwanjani. Kupitia dirisha Shiru alimwona akizunguka Mkate mara moja, mara mbili, kisha akasimama na kuegemeza kichwa ubavuni mwa gari.

Mercyline alimwachia Shiru kazi moja: kuishikilia barakoa isiteleze Kogo akigeuza kichwa, na kupaza sauti hali ya mzee ikibadilika. Akaishikilia. Malengelenge yalipasuka, hakuhamisha mkono. Kule ndani mama wa kujifungua alipiga kelele, kisha mtoto akalia, na muuguzi akatokeza kichwa kusema wote wawili wako salama na mtungi haukuhitajika. Shiru akalia kwa mara ya kwanza. Hakuwa amejua kwamba alikuwa akiwahesabu na hao pia.

Saa moja ikapita. Jua lilikuwa limeinamia mlima, mwanga wa rangi ya chai ukaingia dirishani, na wekundu ule wa uongo ukaanza kuondoka kwenye mashavu ya Kogo. Vidole vyake vikajikunja. Akasogeza kichwa, akakohoa, akafungua macho, na safari hii macho yalimwona mtu.

"Siru," alisema ndani ya barakoa. "Mtoto?"

"Hakuwa ndani, Kogo. Nilikuwa naye jikoni. Yuko sawa."

"Hakuwa ndani," Kogo alirudia. Akafumba macho tena na kuvuta pumzi ndefu.

Weldon aliitwa. Aliingia na Cherono begani, amesinzia, akasimama upande wa pili wa kitanda. Mama yake aliinua mkono, akaigusa suruali yake iliyojaa matope.

"Umeambiwa?" akamuuliza.

"Nimeambiwa."

Kogo alimwangalia mwanawe, akamwangalia Shiru, akaona hewa iliyokuwa katikati yao. Alikuwa dhaifu, lakini hakuwa mjinga. Akaisukuma barakoa pembeni kidogo.

"Usimgombeze," alisema. "Ni mimi nilimtuma. Nilimwambia, Siru, niletee jiko, na ziba hiyo tundu. Alikataa, nikamlazimisha. Wewe unajua kichwa yangu."

Mercyline, aliyekuwa akiandika, aliinua macho. Weldon alimgeukia mkewe, na usoni mwake Shiru aliona kitu kikianza kulegea, kitu kilichotamani sana kulegea. Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji hata kusema. Angetikisa kichwa tu, kama alivyotikisa muda ule, na mwanamke mzee aliyekaribia kufa mikononi mwake angembebea na huo mzigo pia, juu ya unga wa wimbi, juu ya pesa za maziwa.

"Hapana," Shiru akasema. "Kogo hakunituma. Hakuomba hata blanketi. Nilileta mwenyewe."

"Siru, nyamaza, nakwambia nilikutuma."

"Hukunituma, Kogo. Nakuomba usinisaidie hapa." Akairudisha barakoa mahali pake, taratibu, akaikaza nyuma ya sikio. "Uliniuliza Weldon akikuja itakuwaje, nami nikakujibu. Ndivyo ilivyokuwa. Weldon, ndivyo ilivyokuwa. Niliogopa mtasema nini. Niliogopa hata nikakuacha ulie."

Kogo aligeuzia uso wake ukutani, amekasirika, kama mtu aliyerudishiwa zawadi mlangoni.

Weldon akambadilisha Cherono kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

"Ameshavuka hatari kubwa, ambulensi hatuihitaji tena usiku huu," Mercyline alisema hatimaye, akifunga daftari lake. "Lakini atalala na hiyo barakoa mpaka kesho, na mtu amwangalie kila dakika, asiivue. Kuna watu huonekana wamepona halafu kichwa kinachanganyikiwa tena. Nafasi ni ya mtu mmoja tu. Nani anabaki?"

Shiru alichukua kanga yake, akaanza kuikunja. Alijua jibu. Mama ni wa Weldon. Yeye angekwenda kulala nyumbani kwa Kogo na mtoto, na kesho angeanza kujua maisha yake yamebakia kiasi gani.

"Mama Cherono atabaki," Weldon akasema.

Shiru aliinua uso. Weldon hakumtazama, alikuwa akimtazama mama yake, yule mgongo mdogo uliogeukia ukuta.

"Una hakika?" Shiru akamuuliza.

"Sina," Weldon akasema. "Lakini baki."

Akamfunika mtoto kichwa kwa koti lake, akatoka kwenye baridi. Shiru akavuta kiti hadi kikagusa kitanda, akakaa, akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa barakoa na jicho kwenye kifua cha Kogo, akaanza kukihesabu kikipanda na kushuka.